Hakuna kibanda, lakini ada ipo: kwa wakazi wanaoendesha gari Dubai na Uingereza

Wakazi wengi wa kaunti yetu wana ndugu katika nchi za Ghuba na Uingereza, na kila likizo wapo wanaosafiri kuwatembelea. Wakifika, hasa wakiwa na watoto, huona ni nafuu kukodi gari kwa siku chache kuliko kulipa teksi kila wanapotoka. Wanarejea nyumbani salama, kisha wiki mbili tatu baadaye benki inawaarifu kwamba kadi yao imekatwa pesa. Mara nyingi hawajaibiwa. Walipita barabara zinazolipiwa bila kujua kwamba zinalipiwa.

Chanzo ni mazoea. Anayetumia Nairobi Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, hukutana na kizuizi. Hata mwenye kifaa cha kulipia kielektroniki hungoja kizuizi kiinuke. Dereva wetu basi amezoea hivi: pasipo kizuizi hapana malipo. Katika miji mingi ya nje vibanda vimeondolewa ili kupunguza foleni. Juu ya barabara kuna fremu ya chuma yenye kamera na vihisio, gari linapita chini yake kwa mwendo wake wa kawaida, na nambari ya usajili inasomwa. Deni linaandikwa kwa gari, halijui nani ameshika usukani. Na gari lina mwenyewe, ama kampuni iliyokukodisha, ama mjomba aliyekuazima.

Dubai

Mfumo wa Dubai unaitwa Salik, neno la Kiarabu lenye maana ya njia iliyo wazi. Ulianza Julai 2007 na sasa una malango 10. Gari hubandikwa kibandiko maalumu kwenye kioo cha mbele, na kila likipita langoni pesa hukatwa kwenye akaunti. Tangu Januari 31, 2025, ada hutegemea saa. Jumatatu hadi Jumamosi ni dirham 6 kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na tena saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Saa nyingine ni dirham 4, na kati ya saa saba usiku na saa kumi na mbili alfajiri ni bure. Jumapili za kawaida ni dirham 4, isipokuwa saa hizo za bure. Mwezi wa Ramadhani saa hubadilishwa, kwa hivyo anayesafiri wakati huo aulize upya.

Dirham moja ni takriban shilingi 35. Tuseme familia imelala Deira na inaelekea Dubai Marina asubuhi kupitia Daraja la Al Garhoud na Barabara ya Sheikh Zayed. Watalipa Al Garhoud, kisha Al Safa, kisha Al Barsha. Al Safa kuna malango mawili, lakini ukiyapita yote ndani ya saa moja unatozwa mara moja tu. Hiyo ni dirham 18 kwenda, na wakirudi jioni saa za msongamano ni 18 nyingine. Jumla ni dirham 36, zaidi ya shilingi 1,200 kwa siku kabla ya petroli. Si pesa ya kumfilisi mtu, ila ukizidisha kwa siku saba bila kuipangia bajeti, utaihisi.

Gari la kukodi huwa tayari lina kibandiko, hivyo mgeni hana haja ya kununua chake. Kampuni hulipa kwanza, kisha hukudai, na nyingi huongeza ada yao ndogo juu ya kila lango. Hapo ndipo pa kuuliza kabla hujatia sahihi: kila lango utanidai kiasi gani, na nitapewa orodha yenye tarehe, saa na jina la lango? Uliza pia dhamana iliyozuiliwa kwenye kadi itaachiliwa lini. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa, kwa sababu faini za mwendo kasi huchelewa kuonekana. Usiitegemee pesa hiyo kwa karo ya mwezi unaofuata.

Ukienda Abu Dhabi utakuta mfumo mwingine, Darb, wenye akaunti yake. Salio la Salik halifanyi kazi huko. Na wale wenye ndugu Muscat wajue kwamba gari lenye nambari za Oman likiingia Dubai nalo linatakiwa liwe limesajiliwa na Salik kabla ya kupita langoni.

Kabla ya yote hayo, mwenye leseni ya Kenya anayekwenda kutembea Dubai huhitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha gari. Hapa nchini hutolewa na AA Kenya. Kishughulikie kabla ya siku ya safari, maana ukifika kaunta bila kibali utakosa gari.

Uingereza

Huku mambo yamegeuka, na wanaotoka Dubai ndio hunaswa zaidi. Leseni yetu inakubaliwa kwa mgeni hadi miezi 12, lakini ada ya kivuko cha Dartford, mashariki mwa London, kwa kawaida hulipwa na dereva mwenyewe. Ukisubiri kampuni ikulipie, kinachokufikia ni faini.

Dartford ndipo barabara ya M25 inapovuka mto Thames. Wanaoelekea kaskazini hupita chini ya mto, wanaoelekea kusini hupita juu ya daraja la Queen Elizabeth II. Vibanda viliondolewa Novemba 2014. Alama ni herufi C ndani ya duara jekundu. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku gari dogo hulipa pauni 3.50, kiwango cha tangu Septemba 2025. Unaweza kulipa kabla ya kuvuka au baadaye, mwisho ukiwa saa sita usiku ya siku inayofuata. Ukivuka Jumatatu mchana, una hadi Jumanne saa sita usiku. Usipolipa, faini ni pauni 70, au 35 ukilipa ndani ya siku 14. Ukiendelea kunyamaza hupanda hadi 105. Kampuni ya kukodisha nayo huongeza gharama ya kushughulikia barua. Kama gari ni la ndugu, barua inafika mlangoni kwake, na ukarimu wake umekuwa mzigo.

Ada ya kuingia katikati ya London, iliyoanza 2003, ni kitu tofauti. Kulipia moja hakufuti nyingine.

Matapeli wamelijua soko hili. Mwaka 2024 shirika la FBI la Marekani lilitoa onyo kuhusu arafa za uongo zinazodai deni dogo la barabara na kumpa mtu kiungo cha kulipia. Kiungo hicho huiba maelezo ya kadi. Uingereza nako kuna tovuti za watu binafsi zinazokulipia Dartford kwa bei ya juu. Andika mwenyewe anwani ya tovuti rasmi ya serikali, ile yenye gov.uk, na usibonyeze kiungo ulichotumiwa.

Unapokabidhiwa gari, piga picha ya nambari zake na kadirio la kilomita. Unapolipa, angalia vizuri: sifuri na herufi O hufanana, na ukikosea utakuwa umelipia gari la mtu mwingine. Hifadhi mkataba na risiti kwa miezi sita hivi. Ukipokea barua ya faini ya Dartford na una ushahidi kwamba ulilipa, una siku 28 za kuipinga, na maelezo ya namna ya kufanya hivyo yamo kwenye barua yenyewe.