Kwa nini garimoshi la Mwanza hukaa Tabora?

Swali hili huulizwa sana hapa Ilemela: garimoshi la Dar es Salaam, ambalo tayari hulala njiani, hufanya nini muda wote ule Tabora? Wengine husema dereva kalala. Hapana.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwanza haikuwamo. Sisi tuliletewa tawi na Waingereza kutoka Tabora, likafika ziwani mwaka 1928. Shina ni lile la Kigoma. Kwa hiyo mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma huunganishwa Tabora, na wakati wa kurudi hutenganishwa hapo hapo. Upande mmoja ukichelewa, mwingine hungoja.

Sababu ya pili ni kwamba njia ni moja. Magarimoshi mawili hupishana stesheni tu, penye njia ya pembeni. Dereva haondoki mpaka apate kibali kuwa mbele ni kweupe. Subira hiyo inakera, lakini reli haina usukani wa kukwepea. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, garimoshi la abiria lilirudi nyuma mlimani likagonga la mizigo. Walikufa watu zaidi ya 200.

Sasa inakuja reli ya umeme. Mwaka 2024 abiria walianza kuitumia kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kipande cha Mwanza hadi Isaka walipewa makampuni ya China, na jiwe la msingi liliwekwa Juni 2021. Tutafurahia mwendo. Lakini tujifunze jambo moja kwa hao hao Wachina. Wana reli ya mwendo kasi ndefu kuliko nchi yoyote, na bado wamebakiza magarimoshi ya usiku yenye vitanda vya ghorofa tatu, na mengine ya polepole, ya nauli ndogo, yanayosimama vituo vya vijijini.

Mimi nimelala daraja la tatu, miguu juu ya magunia ya watu. Lile behewa ni gesti na lori la mwenye biashara ndogo. Anayepanga ratiba na nauli za reli mpya amkumbuke mama wa Bukwimba na gunia lake la mpunga. Mwendo kasi usiomchukua yeye, kwake ni kelele ya kupita tu.