Waachieni Nyanya Watoto, Mkajuane Upya

Msomaji, hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho ulipomwita mwenzako kwa jina lake? Mtoto wa kwanza akizaliwa tu, mke huwa Mama Fulani na mume akawa Baba Fulani. Usidhani ni desturi yetu peke yetu. Nchini Japani pia, wengi wakishapata mtoto huitana "Mama" na "Papa", hata wakiwa wawili tu mezani.

Usiku nako mambo ni yale yale. Familia nyingi za huko hulala chumba kimoja, mtoto katikati, baba upande huu na mama upande ule. Wajapani husema wamelala kama herufi yao ya "mto", ambayo huandikwa kwa mistari mitatu iliyosimama. Ni picha ya kupendeza, lakini mstari wa katikati ndio unaowatenga waliooana.

Hasara yake huonekana baadaye. Watoto wakishaondoka na mume akastaafu, wawili hao hujikuta sebuleni wakitazamana kama wageni. Talaka za umri huo zina jina lake kabisa, jukunen rikon. Na tangu Aprili 2007, sheria ya Japani inamwezesha mke anayeachana na mumewe kugawiwa hadi nusu ya pensheni iliyochangwa wakati wa ndoa yao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1981 shirika la reli la Japani lilianza kuuza tikiti iliyoitwa Full Moon, kwa mume na mke ambao umri wao ukijumlishwa unafika miaka 88. Fungate kwa Kiingereza ni mwezi wa asali. Hii ikaitwa mwezi mpevu. Lakini kwa nini mngoje hadi miaka 88?

Tuseme wewe na mwenzako mnaishi Tokyo. Ijumaa jioni mnawaachia nyanya watoto na kupanda treni ya kasi, Shinkansen, hadi Kyoto. Ni karibu kilomita 500, kama Nairobi hadi Mombasa, lakini mtafika kwa muda usiozidi saa mbili na nusu. Mkiwa njiani mtazungumza juu ya kazi ya shule ya mtoto na kikohozi cha mdogo wake. Kisha mtanyamaza. Msiogope kimya hicho; ndicho mlichokuja kukivunja.

Kyoto ulikuwa mji wa mfalme tangu mwaka 794, kwa zaidi ya miaka 1,000, na mahekalu yake hayahesabiki kwa siku mbili. Chagueni moja, Ryoan-ji. Lina bustani ya changarawe nyeupe yenye mawe 15, yaliyopangwa kwa namna ambayo popote utakapoketi barazani, angalau jiwe moja hufichika. Mmoja ahesabu kutoka pembe hii, mwenzake pembe ile, kisha mwambiane. Huenda mkagundua kwamba hata nyumbani kila mmoja ameona asiloliona mwenzake.

Jua likitua, nendeni ukingoni mwa mto Kamo, katikati ya mji. Hapo wapenzi huketi wawili wawili, kila jozi ikiacha nafasi sawa na jozi jirani, kana kwamba kuna aliyewapimia kwa kamba. Kuketi hapo hakulipiwi hata yen moja. Usiku mlale katika ryokan, nyumba ya wageni ya kienyeji, ambako viatu huachwa mlangoni na magodoro hutandikwa juu ya mikeka ya tatami. Safari hii hakuna mtoto katikati.

Jumapili jioni mtarudi na zawadi, kama ilivyo ada ya huko: yatsuhashi, vitamutamu vya unga wa mchele na mdalasini, kwa watoto na kwa nyanya aliyewalea. Watoto watawakimbilia. Hawakupungukiwa na chochote. Wamerudishiwa wazazi wanaocheka pamoja.

Nawe msomaji, si lazima upande ndege. Huenda una shangazi au nyanya wa kuwatunza watoto siku mbili, na mji wa jirani ambao hamjalala. Mkifika huko, anza kwa jambo moja tu: mwite mwenzako kwa jina lake.