Fomu yako inatuma nini hasa?

Nikiwa mwaka wa kwanza wa masters niliandaa dodoso la mtandaoni. Swali moja lilikuwa rahisi tu: nyumbani mnachota maji wapi, bombani, kisimani au mtoni? Watu wakajaza, wakabonyeza "Tuma", nami nikafungua majibu kwa furaha. Wote, wa kwanza hadi wa mwisho, walikuwa na jibu moja: on. Hakuna bomba, hakuna kisima. Na kwa kuwa dodoso halikuuliza majina wala namba za simu, sikuweza kuwarudia.

Kosa lilikuwa langu. Niliandika hivi:

<label><input type="radio" name="maji"> Kisima</label>

Kwenye skrini inaonekana sawa kabisa. Ila neno "Kisima" hapo ni la macho ya msomaji tu, kivinjari hakilitumi. Kinachotumwa ni jozi: jina la swali, ambalo ni name, na jibu lake, ambalo ni value. Usipoweka value kwenye kitufe cha aina hii, kivinjari kinajaza chenyewe neno on. Ilitakiwa iwe hivi:

<label><input type="radio" name="maji" value="kisima"> Kisima</label>

Hapo seva inapokea maji=kisima.

Ukishaelewa hilo, mambo mengine matatu yanakuwa mepesi.

Kwanza, sehemu isiyo na name haitumwi kabisa. Mtu anaweza kuandika aya nzima ikapotea bila onyo lolote.

Pili, vitufe vya swali moja lazima viwe na name ileile. Ndiyo inayovifunga pamoja. Ukiweka tofauti, mtu ataweza kuchagua bomba na mto kwa mpigo.

Tatu, kisanduku cha tiki kisipowekwa tiki hakitumi chochote, hata "hapana". Kwa hiyo kwenye data, aliyekataa na aliyeruka swali wanafanana. Kwa jambo zito kama ridhaa ya kushiriki utafiti, tumia vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, kisha ongeza required ili fomu isitumwe kabla mtu hajachagua.

Basi kabla hujasambaza linki kwenye magrupu ya WhatsApp, jaza fomu mwenyewe. Chagua kila jibu angalau mara moja, halafu kafungue data uone kilichofika. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi niliiruka, nikalazimika kukusanya majibu upya.