Ua la Uani na Uvimbe wa Taya

Mbele ya nyumba nyingi, kambini na mitaani, huota ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye petali tano, lisilodai maji mengi wala kuangaliwa. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Twalipita bila kulitazama, hali katika majani yake mna sumu iliyookoa watoto wengi.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Akaona na wengine, na mwaka 1958 akaandika habari za saratani hiyo, ambayo hata leo huitwa kwa jina lake. Wakati huo huo, huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walikuwa wakiyachunguza majani ya ua letu, kwa kuwa watu wa Jamaika waliyachemsha kutibu kisukari. Sukari haikushuka, zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Katika majani yayo hayo ikaja kupatikana vinkristini, mojawapo ya dawa zinazotibu uvimbe wa Burkitt.

Chembe ya mwili ikitaka kugawanyika, hutandaza ndani yake nyuzi nyembamba mno, zivutazo urithi uliokwisha kunakiliwa, fungu moja huku na fungu moja kule. Vinkristini huyashika matofali ya nyuzi hizo, zisijengeke. Chembe hukwama katikati, ikafa. Zenye haraka ya kugawanyika ndizo zipatwazo zaidi, na uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mashina ya nywele nayo yana haraka, ndiyo sababu nywele za mtoto hunyonyoka. Mama asifadhaike, huota tena. Nyuzi za namna hiyo zimo pia katika mishipa ya fahamu: vidole vikifa ganzi, au choo kikifunga, daktari aambiwe.

Basi taya la mtoto likivimba na meno kulegea, jirani atasema ni jino, ling'olewe tu. Baba yuko zamu mbali, mama angoja arudi. Wiki mbili kwa uvimbe huu ni nyingi mno, asingojewe mtu.

Wala majani ya uani yasichemshwe. Dawa ya hospitali hupimwa kwa miligramu na kutiwa katika mshipa wa damu tu. Maji ya majani hayana kipimo, huweza kumdhuru mtoto na uvimbe ukabaki pale pale. Aliyekwisha kumnywesha aseme wazi afikapo hospitali, ili daktari ajue aanzie wapi.