Mongbwalu, Mji Wenye Ramani Mbili

Nimezaliwa Mongbwalu, huko Ituri, mashariki mwa Congo, kwenye kampi ya wafanyakazi wa kampuni ya dhahabu ya Kilo-Moto. Baba alikuwa fundi wa pampu katika mgodi wa Adidi. Kazi yake ilikuwa kuyavuta maji ili wenzake wachimbe pakavu, na alikuwa akituambia mji wetu una ramani mbili: ya juu na ya chini.

Ya juu ni rahisi kuisoma. Ukitoka Bunia unapanda hadi Iga-Barrière, unaacha barabara ya Mahagi na kushika njia ya Kilo. Ni kilomita zipatazo 80, lakini mvua ikinyesha lori hulala matopeni. Huku nyanda za Djugu zinashuka kuukuta msitu. Ziwa Albert liko mashariki yetu, ila vijito vyetu havina habari nalo: vinakwenda mto Ituri, ambao mbele huitwa Aruwimi, hadi mto Congo.

Wenye ardhi ni Wanyali. Sekta yetu bado inaitwa Banyali-Kilo. Mwaka 1903 watafuta madini wawili, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu katika kijito cha Agola, na 1905 uchimbaji ukaanza. Mizigo ilivushwa ziwa kutoka Butiaba, ikashushwa Kasenyi, kisha ikabebwa na watu, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu. Babu yangu, aliyekuwa Mwalur, aliletwa hivyo. Kampini alikuta Walendu, Wahema na Walogo, na Kiswahili kikawapatanisha. Mwaka 1926 ikaundwa SOKIMO, kampuni ya Kilo-Moto. 1966 ikawa OKIMO, mali ya serikali.

Vita vilikuja kwa sababu ya hiyo hiyo dhahabu. Novemba 2002 wapiganaji wa kundi la UPC (Union des Patriotes Congolais) waliuteka mji, na majirani zetu wakauawa. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Bosco Ntaganda, kamanda wa wapiganaji hao, miaka 30 jela, na mauaji ya Mongbwalu yamo katika hukumu hiyo. Mwaka 2022 mahakama nyingine ya The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliiamuru Uganda, ambayo jeshi lake liliikalia Ituri wakati wa vita, iilipe Congo dola milioni 325; milioni 60 kati yake ni za madini na mali nyingine ya asili. Aliyefiwa hafidiwi kwa hesabu, lakini angalau jambo hili limeandikwa.

Sasa ramani ya chini. Pampu zimenyamaza zamani, na vijana wanaingia kwenye njia za kale kwa tochi na nyundo. Wanabomoa nguzo za mwamba zilizoachwa kushikilia dari, kwa kuwa nazo zina dhahabu. Hawajui maji yamejaa wapi. Wanaojua ni wazee wa kampi, na kila mwaka tunawazika, baba yangu akiwa mmoja wao.

Vijana wa Mongbwalu, kabla hamjashuka, pigeni hodi kwa mzee aliyebaki. Muulizeni maji yako wapi.