Kwa Nini Raundi ya Gofu Haiishi Kabla ya Mvua ya Kericho

Jumamosi ya mashindano, saa 7:45 mchana. Kwenye tii ya shimo fupi wamesimama wachezaji kumi na wawili, makundi matatu ya watu wanne wanne, na makedi wao. Mifuko ya fimbo imelazwa kwenye nyasi. Mmoja anamenya ndizi, wawili wanazungumza kuhusu bonasi ya chai. Upande wa Ziwa Victoria wingu limeshakuwa jeusi, na ngurumo ya kwanza imesikika kwa mbali. Wote wanawatazama wanne walio kwenye grini mbele yao, na wote wana maneno yale yale: hao ndio wanaotuchelewesha.

Kumbe hao wanne walio kwenye grini walisimama pale pale kwenye tii kwa zaidi ya robo saa, nao wakiwalaumu waliokuwa mbele yao.

Nimeshika saa kwenye viwanja vya gofu kwa miaka mingi, na sijawahi kuona foleni iliyoanzishwa na mtu mmoja peke yake. Wapo wachezaji wazito, sikatai. Lakini raundi ya saa tano na nusu kwenye uwanja wa klabu haitokani na mtu kutembea polepole. Kwa sehemu kubwa hutokana na ratiba iliyopangwa vibaya ofisini kabla mpira wa kwanza haujapigwa, kisha huongezewa na sekunde chache ambazo kila mtu hupoteza bila kujua.

Mkulima wa chai wa Litein au Konoin anaielewa hesabu hii kuliko wengi wetu. Kwenye kituo cha kukusanyia majani, mwenye vidole vyepesi anaweza kuchuma kilo nyingi na kufika mapema, lakini foleni itasogea kwa kasi ya mizani na kalamu ya karani. Wachumaji arobaini wakifika kwa pamoja, hakuna atakayepimiwa haraka eti kwa sababu alikuja mbio. Foleni itarefuka tu, na majani yatapata joto ndani ya magunia.

Kwenye gofu mizani ni shimo fupi, lile ambalo mchezaji hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju mitatu. Kwenye shimo refu makundi mawili yanaweza kuwemo kwa wakati mmoja, moja likiwa karibu na grini na jingine likipiga mkwaju wa kwanza. Kwenye shimo fupi haiwezekani. Kundi la nyuma husubiri hadi la mbele limalize, lirudishe bendera na kuondoka.

Tupige hesabu. Watu wanne wakipiga kutoka tii, kila mmoja sekunde 45, ni dakika 3. Kutembea hadi grini, dakika 2. Kuusogeza mpira na kuutumbukiza, dakika 4. Jumla ni dakika 9, na hapo hakuna aliyepoteza mpira. Sasa katibu wa mashindano, kwa nia njema ya kuwaingiza wachezaji wengi, ameyaanzisha makundi kila baada ya dakika 7. Kundi la kwanza halisubiri. La pili linasubiri dakika 2, la tatu 4. La kumi litasimama hapo dakika 18, hata kama wachezaji wake wote wanatembea kama askari. Dakika hizo hazirudi. Yaani ratiba ya dakika 7 haiingizi watu wengi zaidi uwanjani, inawahamisha tu kutoka kwenye benchi la klabu hadi kwenye tii ya shimo fupi. Ukiyatenganisha makundi kwa dakika 10, unabaki na dakika moja ya akiba ya kumeza mpira uliopotea au kamba ya kiatu iliyofunguka.

Kericho ina ugumu wake wa ziada, kwa kuwa uwanja wetu ni wa mashimo tisa. Anayetaka raundi kamili ya mashimo 18 huuzunguka mara mbili, na kila kundi linalorudi hukutana na linaloanza kwenye tii ile ile ya kwanza. Ratiba isipolitambua hilo, makundi hayo mawili hupokezana zamu, na pengo la dakika 10 uliloliweka kwa uangalifu huwa la dakika 5 papo hapo.

Njia safi ni kugawa siku kwa mawimbi. Chukua mashimo tisa yanayochezwa kwa saa 2 na dakika 10, kundi moja likianza kila dakika 10. Ukianza saa 1:00 asubuhi, makundi 13 yatakuwa yameondoka kufikia saa 3:00. Saa 3:10 kundi la kwanza limerudi na linaipata tii tupu. Kuanzia hapo hadi saa 5:10 tii ni ya wanaoanza duru ya pili peke yao. Wimbi jipya la makundi 13 linaanza saa 5:20, na kundi lake la mwisho linamaliza kila kitu saa 11:40 jioni. Wachezaji 104 wamecheza raundi kamili, na jua bado lipo.

Ongeza dakika 20 tu kwa kila mashimo tisa. Ukiyaweka makundi hayo hayo 26 kwenye mpango huo huo, la mwisho litamaliza saa 12:40 jioni. Kericho iko karibu mno na mstari wa ikweta, na jua letu huzama karibu na saa 12:40 jioni mwaka mzima bila tofauti kubwa. Hatuna machweo marefu kama ya Uskoti wakati wa kiangazi, ambako watu hucheza hadi saa nne usiku. Hapa giza likishaanza kuingia, ni kama dakika ishirini tu kabla hujauona tena mpira.

Na kabla ya giza kuna mvua. Upepo unaotoka Ziwa Victoria hupanda miinuko yetu mchana na kukutana na upepo wa mashariki, hewa hupaa, na mawingu hujengeka karibu kila alasiri. Mvua hiyo ndiyo iliyoipa nchi hii chai yake, na mawe ya barafu yanayoandamana nayo ndiyo yanayomfanya mkulima ashike kichwa. Kwa mcheza gofu, wingu la Kericho ni saa ya ukutani. Wimbi la asubuhi likienda kwa mwendo mzuri linamaliza saa 7:20 mchana, na mara nyingi linaiwahi mvua. Likichelewa kwa saa moja na nusu, ngurumo inalikuta katikati ya uwanja wenye miti mirefu, kila mtu akiwa na fimbo za chuma mgongoni. Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kusimamisha mchezo mwenyewe akiamini kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari ya radi. Itumie ruhusa hiyo bila aibu. Lakini ingefaa zaidi kama ungekuwa umeshaketi ndani na kikombe cha chai.

Basi mchezaji afanye nini? Kundi la wanne wa kiwango cha kawaida, kila mmoja akipiga mikwaju 90, ni mikwaju 360. Kila mkwaju ukipotezewa sekunde 15 tu, zinapotea sekunde 5,400. Hizo ni dakika 90. Hakuna mtu katika kundi hilo atakayejiona kuwa mzito, kwani sekunde 15 ni muda wa kuvaa glavu, kubadili fimbo mara moja na kurudia kupima upepo kwa kurusha majani.

Kanuni zilizoanza kutumika Januari 2019 zililenga hapo hapo. Zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu anapoweza kucheza bila kizuizi. Muda wa kutafuta mpira ulishushwa kutoka dakika 5 hadi 3, na saa huanza kuhesabu pale wewe au kedi wako mnapoanza kutafuta. Bendera inaweza kubaki shimoni mtu anapousukuma mpira kwenye grini. Na katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, aliye tayari anaruhusiwa kupiga kabla ya aliye mbali zaidi, mradi hakuna hatari. Bado nakutana na wazee wa klabu wanaoona kwamba kupiga kabla ya zamu ni utovu wa adabu. Heshima yao naijua, lakini kanuni zenyewe sasa zinahimiza jambo hilo.

Kuwa tayari maana yake nini? Mtazame mchezaji mmoja aliyezoea. Mwenzake anapopiga, yeye ameshafika kwenye mpira wake, ameshaulizana na kedi kuhusu umbali, na fimbo iko mkononi. Mpira wa mwenzake unapotua, anasogea, anafanya zoezi moja la kuzungusha fimbo, anapiga. Ni sekunde 20. Sasa mtazame wa pili: anasimama kumtazama mwenzake, anausifu mkwaju, ndipo anaanza kutembea kuelekea mpira wake na kumuuliza kedi, “Ni mita ngapi?” Wote wawili wanatembea kwa kasi ile ile.

Makedi wetu ni utajiri ambao nchi nyingi hazina. Uingereza au Marekani mchezaji wa klabu kwa kawaida huvuta mfuko wake mwenyewe au huendesha kigari, na macho ya kutazama mpira ni yake peke yake. Hapa kundi la wanne lina makedi wanne. Mmoja akitangulia hadi mahali mipira inapoangukia na kusimama kando, mpira ambao ungepotea utaonekana kabla haujatafutwa. Kedi mzoefu anajua pia wakati wa kukata tamaa. “Mzee, huo umeliwa, tuweke mwingine,” atakwambia, na mara nyingi huwa sahihi. Kama una shaka, piga mpira wa akiba kabla hujaondoka kwenye tii. Kurudi nyuma ukiwa umeshatembea mita 200, huku kundi linalofuata likikutazama, ndiyo safari ya gharama kubwa kuliko zote kwenye gofu.

Klabu nayo ina nafasi hapa. Tangu 2019 kamati imeruhusiwa kuweka kanuni ya uwanja ambayo kwayo mpira uliopotea, au uliotoka nje ya mpaka, haukurudishi kwenye tii. Unaangusha mwingine karibu na pale ulipopotelea, unaongeza mikwaju miwili, unaendelea. Haikukusudiwa mashindano ya kiwango cha juu, lakini kwa Jumamosi ya wanachama inafaa sana.

Kamati itazame na nyasi zake. Nyasi ya Kikuyu imezaliwa kwenye nyanda hizi za juu, na ikipata mvua na jua la Kericho hutambaa kama imetumwa. Ikiachwa wiki mbili kando ya njia ya kuchezea, mpira unazama hadi unaukanyaga ndipo unaujua ulipo. Mashine ya kukata nyasi ikipita mita chache zaidi kila upande, inaokoa muda mwingi kuliko mabango kumi ya kuwahimiza watu waharakishe.

Kuna lawama moja nataka kuiondoa, ile ya kuwabebesha wanaojifunza mzigo wote. Mtu mwenye handikapu 28 anapiga mikwaju mingi, ni kweli, ila mara nyingi hupiga haraka kwa hofu ya kutazamwa. Mfumo wa pointi wa Stableford, uliobuniwa na daktari Mwingereza Frank Stableford na kuchezwa kwa mara ya kwanza Wallasey mwaka 1932, unamsaidia akielewa jinsi ya kuutumia. Chukua mwenye handikapu 18, anayepata mkwaju mmoja wa nyongeza kila shimo. Kwenye shimo la mikwaju minne, akiingiza mpira kwa mikwaju sita bado anapata pointi moja. Wa saba haumpi kitu. Kwa hiyo akishapiga sita na mpira bado uko nje, auokote tu. Mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza 2020 nao utamwandikia saba pale pale, hata kama angeendelea hadi kumi na moja. Hapotezi chochote.

Na wazito kweli? Mwaka 2013 kwenye mashindano ya Masters huko Augusta, Guan Tianlang wa China, mchezaji wa ridhaa mwenye umri wa miaka 14, aliongezewa mkwaju mmoja kwa kuchelewesha mchezo. Alikuwa mgeni, mtoto, na kipenzi cha watazamaji, na bado kanuni ilitumika. Sisi tunawajua wachezaji wenye handikapu ndogo wanaouzunguka mstari wa mpira kwenye grini mara mbili kabla ya kuusukuma mita moja, na hakuna nahodha anayewasogelea kwa sababu ni watu wenye vyeo. Adhabu ipo kwenye kitabu: mkwaju mmoja, kisha miwili, kisha kuondolewa. Onyo la upole mbele ya kedi wake lingetosha kwa wengi.

Ninalisukuma jambo hili kwa sababu naona wanaokosekana. Mchezaji anayetoka Bomet au Sotik akianza asubuhi na kumaliza jioni, anarudi nyumbani gizani, kwenye barabara yenye ukungu na malori. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kuitoa siku nzima. Kijana anayejifunza kazi hawezi kuomba ruhusa ya saa sita. Hao wote wangeweza kupata nafasi kwenye mchezo wa saa nne na dakika 20.

Ombi langu kwa anayeandika ratiba ya Jumamosi ijayo ni hili: tenganisha makundi kwa dakika 10, ifunge tii ya kwanza kwa wanaoanza wakati wimbi la kwanza linaporudi, na kwenye kila shimo fupi waombe walio kwenye grini wainue mkono kuwaita walio nyuma wapige, kabla wao hawajaanza kuusukuma mpira. Kisha simama pale na saa, uhesabu mwenyewe.