Kinamasi Kina Kazi Yake: Wanafunzi Wanatazama Nini Mtoni?



Huenda siku moja mwanao akarudi kutoka shule na tope magotini, akakuuliza kwa nini umelima mpaka ukingoni mwa mto. Usimkaripie. Swali hilo amelipata katika masomo yake, na yafaa nawe ujue jibu lake.

Shule nyingi zina klabu za kutunza mazingira. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968. Tena, tarehe 2 Februari kila mwaka ni siku ya kukumbuka ardhi oevu duniani kote, kwa sababu ya mkataba uliotiwa sahihi mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1990. Ardhi oevu si kitu kigeni: ni kile kinamasi chako cha matete ambacho wengine hukiita shamba lililoharibika.

Udongo mweusi wa Kitengela mnaujua. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Mvua ikinyesha huvimba, nyufa zikaziba, na maji yakakosa pa kuingia. Basi huteremka kwa kasi kuelekea mtoni. Yakikuta kinamasi, matete huyapunguzia mwendo, tope hutua chini, na mizizi hunyonya mbolea iliyochukuliwa kutoka mashambani. Kisha maji hutoka kidogo kidogo, hata ng'ombe wako akapata kunywa mvua zikiisha. Mahali kinamasi kilipofukiwa, maji hutafuta nafasi kwingine. Mwezi wa Aprili 2024 yaliingia katika nyumba za watu Kitengela, na Msalaba Mwekundu ukalazimika kuwaokoa. Sisemi kwamba vinamasi peke yake vingeizuia mvua ile, lakini mji wa watu zaidi ya 150,000 hauwezi kupoteza hata kimoja.

Wazee wa Kimaasai walilijua jambo hili kabla ya vitabu vyetu. Vinamasi vya Amboseli, vinavyopata maji yapitayo chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, vilikuwa malisho ya kukimbilia wakati wa ukame.

Na wanafunzi hupimaje maji bila mashine? Hugeuza mawe kijitoni na kutazama wadudu walio chini yake. Wakiona vijidudu vya miguu sita vyenye mikia mitatu myembamba, maji ni mazuri. Wakikuta funza wekundu tu, kuna uchafu mwingi, na maji hayana hewa ya kutosha. Jaribu mwenyewe, juu ya shamba lako na chini yake. Ukiona tofauti, usianze kwa kumlaumu jirani.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kukausha kinamasi bila kibali. Kando ya mto, usilime katika ukanda wa mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, kuanzia pale maji yanapofika yakijaa kabisa. Najua mita hizo zinauma kwa mwenye shamba dogo. Hata hivyo ukanda huo si wa bure: majani yake waweza kuyakata kwa zamu ukawapa ng'ombe, mradi usiyachome wala kuyang'oa.

Bomba la kunyunyizia dawa usilioshee mtoni hata kidogo, kwa kuwa dawa iuayo wadudu wa nyanya huua na samaki. Mikalitusi ipande mbali, maana hunywa maji mengi. Mifugo ichimbiwe birika pembeni, isikanyage chemchemi.

Mwenye shaka juu ya mpaka wake aende kwa ofisa wa maji kabla ya mvua za masika, akichukua karatasi za shamba, ili apimiwe na kuwekewa vigingi.